Uzi maalumu kwa wanaoanza kutengeneza vitu vyao kwenye magemu: usiache baada ya kukwama mara ya kwanza

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Kwa muda sasa napokea ujumbe wa aina moja, na badala ya kumjibu kila mtu kivyake nimeona nifungue uzi tuzungumze kwa pamoja. Ujumbe wenyewe huwa hivi: "Mkuu, nilitaka kutengeneza nguo yangu (au silaha, au ramani) kwenye gemu fulani. Nikapakua programu, nikaifungua, nikaona vitufe vimejaa skrini nzima, nikafunga. Nadhani sina kipaji."

Niseme mapema: hapo kipaji hakijaguswa. Mtu aliyefungua Blender (programu ya bure ya kuunda maumbo ya 3D) kwa mara ya kwanza akakutana na ule mchemraba wa kijivu katikati ya skrini hajapimwa chochote bado. Kilichomshinda ni ukubwa wa kazi aliyojipa. Wengi wetu tunaanza na ndoto kubwa, mji mzima, wahusika kumi, hadithi yenye sura saba. Ndoto hiyo iandike mahali uitunze. Ila kazi yako ya kwanza iwe ndogo kiasi cha kuianza na kuimaliza kwa kikao kimoja, na iwe kazi ya kubadilisha kitu ambacho tayari kipo ndani ya gemu na kinafanya kazi.

Nasisitiza kubadilisha kwa sababu gemu lenyewe limeshabeba mzigo mkubwa. Chukua Minecraft, lile toleo la Java. Gemu limeshajua jiwe ni nini, linakanyagwaje, linavunjika kwa muda gani, linatoa sauti ipi. Wewe unagusa sura yake tu. Kikiharibika kitu, unajua kimeharibika pale pale ulipogusa, huna haja ya kutafuta katika mambo mia.

Basi nawapa zoezi ambalo huwa nampa kila anayeanza. Sura ya jiwe katika gemu hilo ni picha ndogo ya PNG (aina ya faili la picha) yenye pikseli, yaani vinukta vya rangi, 16 kwa 16. Hesabu yake ni viboksi 256 tu, basi. Picha za asili zimo ndani ya faili la .jar la toleo unalocheza, na faili hilo hufunguka kwa programu yoyote ya kufungua zipu. Nakili picha inayoitwa stone.png uitoe nje, usiguse ya asili. Tengeneza folda mpya uipe jina lolote. Ndani yake ziweke folda kwa mpangilio huu: assets, ndani yake minecraft, ndani yake textures, ndani yake block, na humo ndimo stone.png yako inapokaa. Kisha pembeni ya ile folda ya assets, yaani nje kabisa, weka faili dogo la maandishi linaloitwa pack.mcmeta ambalo linaliambia gemu pakiti yako (yaani folda hiyo nzima) ni ya muundo namba ngapi. Namba hiyo hubadilika kulingana na toleo. Ukikosea, gemu litakuonya kuwa pakiti yako si ya toleo hilo, lakini mara nyingi bado litakuruhusu kuiwasha.

Sasa fungua stone.png kwenye programu ya kuchora, GIMP inatosha na ni ya bure, weka pikseli kumi za rangi nyekundu popote, kisha isafirishe kama PNG kwa jina lile lile. Weka folda yako kwenye folda ya gemu inayoitwa resourcepacks, iwashe ndani ya gemu, ingia mlimani. Mlima mzima utakuwa na madoa yako mekundu.

Nimeshuhudia watu wakipiga kelele kwa furaha mbele ya madoa hayo. Picha ni mbaya, kila mtu anaiona kuwa mbaya, lakini kwa mara ya kwanza ule ukuta kati ya mchezaji na gemu umetoboka, na aliyeutoboa ni wewe. Kuanzia hapo kuchora vizuri ni mazoezi.

Na hapa niwape siri moja itakayowaokolea muda: ukiwa ndani ya gemu, bonyeza F3 pamoja na T. Pakiti zote zinasomwa upya hapo hapo bila kufunga gemu. Unachora, unasafirisha, unabonyeza, unaona. Anayejaribu mara hamsini kwa jioni moja atamwacha mbali anayejaribu mara tano, hata kama huyo wa tano ndiye mchoraji hodari.

Kuhusu kukwama. Utakwama, na mara nyingi sababu itakuwa ndogo. Mimi pakiti yangu ya kwanza ilikataa kuonekana kwenye orodha kwa jioni mbili nzima. Niliandika upya kila kitu. Nikahamisha folda. Nikaamini kompyuta ina tatizo. Kumbe Windows ilikuwa inaficha viambishi vya majina ya mafaili (zile herufi za mwisho baada ya nukta), na lile faili nililoliona linaitwa pack.mcmeta jina lake kamili lilikuwa pack.mcmeta.txt. Herufi tatu na nukta! Wakuu, kabla ya jambo lolote washeni onyesho la viambishi vya mafaili kwenye kompyuta zenu.

Nakaribisha maswali. Hakuna swali dogo humu, na wenye uzoefu naomba mje mmwage mliyonayo.

#2 – Bado Najifunza

Asante sana mkuu kwa uzi huu, naweka kambi hapa hapa.

Nimefuata maelekezo. Pakiti imeonekana, nimeiwasha, lakini jiwe langu limekuwa na miraba ya zambarau na nyeusi, linatisha kweli. Nimeharibu gemu?

#3 – Mwanzisha uzi

Hujaharibu chochote, na hiyo miraba ni habari njema kuliko unavyodhani. Hiyo ni lugha ya gemu. Linakuambia: "Nimeisoma pakiti yako, nimejaribu kuichukua picha yako ya jiwe, nimeshindwa." Ingekuwa pakiti haisomwi kabisa, ungeona jiwe la kawaida la kijivu. Kwa hiyo nusu ya safari umeshaimaliza, folda ziko sawa na jina liko sawa.

Kilichobaki ni picha yenyewe. Mara nyingi mtu anachukua picha ya JPG anabadilisha jina tu kuwa .png. Jina linabadilika lakini ndani ni JPG ile ile, na gemu halidanganyiki. Ifungue picha kwenye programu ya kuchora, kisha itoe upya kama PNG halisi. Ukiwa umetumia GIMP, angalia usije ukawa umehifadhi faili la kazi la GIMP. Kule "kuhifadhi" kunatoa faili la .xcf, na "kusafirisha" ndiko kunakotoa PNG.

Na kwa faida ya wengine: majina yote ndani ya pakiti yawe herufi ndogo tupu, bila nafasi. Stone.png yenye S kubwa haitasomwa.

#4 – Fundi wa Nguo

Habari zenu ndugu zangu. Mimi niko upande wa The Sims 4, natengeneza nguo, na nimefurahi kuona uzi kama huu kwa Kiswahili.

Kwa dada na kaka zangu wanaotaka kuanza upande huu: kuna programu ya bure iliyotengenezwa na wapenzi wa gemu inaitwa Sims 4 Studio. Unachagua blauzi iliyomo tayari kwenye gemu, programu inakutengenezea nakala yake inayojitegemea, unatoa picha yake, unaichora, unairudisha. Faili linalotoka linaishia na .package, unaliweka kwenye folda ya Mods, kwisha.

Jambo linalowatoa wengi jasho ni ile picha yenyewe. Ukiifungua huoni blauzi. Unaona vipande vimetandazwa, mkono kule, mgongo huku, kola kona nyingine. Aliyewahi kumwona fundi cherehani akitandaza vitambaa alivyokata kabla ya kushona ataelewa mara moja. Umbo la nguo limekunjuliwa likalazwa bapa, na gemu ndilo litakalorudi kulishona mwilini mwa mhusika. Ukichora mistari ya kulala kwenye kipande cha mbele na cha nyuma bila kupima, ubavuni mistari haikutani, inakuwa kama shati lililofungwa vifungo vya kupishana.

Dawa yake ni hii. Kabla ya kuchora pambo lolote, jaza picha nzima kwa miraba yenye namba, 1, 2, 3 hadi mwisho, kila mstari rangi yake. Irudishe kwenye gemu hivyo hivyo, mvalishe mhusika, mzungushe. Sasa unaona kwa macho: mraba wa 14 umeangukia begani, wa 22 na wa 37 ndio wanaokutana ubavuni, wa 40 umevutwa kwapani hadi namba haisomeki. Andika pembeni. Hiyo ndiyo ramani yako, na nguo zote utakazotengeneza kutokana na umbo hilo zitatumia ramani hiyo hiyo. Mimi bado naifanya kila nikigusa umbo jipya.

Jambo jingine. Gemu hili likisasishwa huzima modi zote (nyongeza zilizotengenezwa na wachezaji) lenyewe. Mara ya kwanza iliponitokea nilidhani kazi zangu zote zimepotea, nikakaa na huzuni siku nzima. Nenda kwenye mipangilio, uziwashe tena, ulifungue gemu upya.

#5 – Mzee wa Ramani

Nimesoma tangu mwanzo, vijana mnafanya kazi nzuri. Nami nichangie historia kidogo, maana anayeanza akijua wenzake walianzia wapi hupata nguvu.

Doom ilipotoka mwaka 1993, watengenezaji wake, id Software, walikuwa wameweka ramani, picha na sauti katika mafaili ya pembeni yanayoitwa WAD, mbali na programu yenyewe. Ilikuwa makusudi, ili watu waweze kuweka vya kwao. Hata kabla mwaka uliofuata haujaisha wachezaji walikuwa wameshajitengenezea programu za kuchora ramani, na watu bado wanatoa ramani mpya za Doom mpaka leo. The Sims nayo, iliyotoka mwaka 2000, ilianza kuwapa watu vifaa vya kutengeneza ngozi za wahusika kabla gemu lenyewe halijaingia madukani.

Halafu kuna Counter-Strike, ambayo kila mtu anaijua. Ilianza mwaka 1999 kama modi ya Half-Life, kazi ya vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, na Le alikuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu huko Kanada. Mwaka uliofuata Valve, kampuni iliyotengeneza Half-Life, wakaitoa kama gemu kamili. Watu wanaposimulia habari hii huishia hapo, na kijana anayeanza anasikia kama muujiza. Ninachotaka mkishike ni kwamba haikuwa kazi ya kwanza ya Le. Kabla yake alikuwa ameshatengeneza modi ya Quake kuhusu makomando, na akashiriki katika modi nyingine ya Quake II. Alifika kwenye Counter-Strike akiwa mkono wake umeshazoea.

Hata DotA, iliyozaa aina nzima ya magemu, ilianza mwaka 2003 kama ramani tu ndani ya Warcraft III, ikitengenezwa kwa kihariri ambacho kila mwenye gemu alikuwa nacho. Ikapita mikono kadhaa, mtu mmoja akiacha mwingine anaiendeleza.

Kwa hiyo mwanangu mwenye madoa mekundu kwenye jiwe, endelea.

#6 – Kompyuta Chovu

Wakuu nina swali. Kompyuta yangu ni ya zamani sana, Blender ikifunguka feni inalia kama inataka kuruka. Kuna njia au nisubiri nipate mashine nzuri?

#7 – Mwanzisha uzi

Usisubiri. Picha ya pikseli 16 kwa 16 haiulizi mashine. Kwa maumbo ya vibloku ipo Blockbench, ni ya bure na inafanya kazi ndani ya kivinjari, nyepesi kabisa. Ukiwa na simu tu, Minecraft ya simu, ile Bedrock, nayo inakubali pakiti, ila muundo wake ni tofauti. Badala ya pack.mcmeta inataka manifest.json, na ndani yake kuna namba mbili ndefu za utambulisho ambazo hazitakiwi kufanana. Chunga sana alama za mkato humo. Mkato mmoja ukikosekana, au ukizidi mwishoni mwa orodha, faili lote linakataliwa. Kuna kurasa za bure mtandaoni za kukagua JSON (huo muundo wa maandishi wa faili hilo), bandika maandishi yako pale na utaonyeshwa mstari wenye kosa.

Nikiri kwamba udhaifu wa mashine una faida moja: unakufundisha kubana. Mtu mwenye kompyuta kubwa anatengeneza upanga wenye pembetatu (vile vipande vidogo vinavyounda umbo) laki moja, halafu gemu la wachezaji wake linakwamakwama. Wewe utajifunza tangu mwanzo kwamba mkwaruzo mdogo kwenye upanga unachorwa kwenye picha, hauchongwi kwenye umbo.

#8 – Aliyekata Tamaa Kidogo

Mimi niseme ukweli kutoka moyoni. Mwaka jana nilitengeneza kofia, nikafanya kazi wiki tatu, nikaipakia kwenye ukurasa mmoja wa modi. Mtu wa kwanza akaandika "takataka". Wa pili akacheka. Nikaifuta na sijagusa tena. Nasoma uzi huu natamani kurudi ila nikikumbuka lile neno mkono unakufa ganzi.

#9 – Fundi wa Nguo

Pole sana ndugu yangu. Wiki tatu za mtu si kitu cha kutupiwa neno moja. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na wewe hata koleo halijavunjika, aliyekuumiza ni mpita njia.

Nikueleze ninavyofanya mimi sasa. Sipakii kazi mpya mahali pa watu wote kwanza. Nawaonyesha watu wawili au watatu wanaotengeneza, maana anayetengeneza anajua kofia imegharimu nini. Pili, siulizi "mnaionaje?" Swali hilo linafungua mlango kwa kila upepo. Naweka picha mbili bega kwa bega, kofia yangu na kofia ya asili ya gemu, mwanga ule ule, kona ile ile, kisha nauliza jambo moja: "Kivuli chini ya ukingo kinafanana na cha asili?" Aliyekuja kucheka hapati pa kushika. Aliyekuja kusaidia anajua aangalie wapi, na atakujibu.

Na ukiziweka hizo picha mbili pamoja, mara nyingi jibu utaliona mwenyewe kabla hujamuuliza mtu. Unagundua ya kwako inang'aa mno, au rangi zake ni kali kuliko kila kitu kilicho karibu nayo. Makosa ya wanaoanza karibu yote ninayoyaona ni hayo: rangi kali mno na weusi mzito mno kwenye vivuli. Punguza ukali wa rangi nusu, kisha angalia tena.

Hiyo kofia unayo bado kwenye kompyuta? Ulifuta ukurasani tu au na faili?

#10 – Aliyekata Tamaa Kidogo

Faili ninalo. Dada, asante. Tatizo jingine ilikuwa ukiiangalia kwa nyuma kofia inapotea, unaona kichwa kitupu.

#11 – Mwanzisha uzi

Hilo ni tatizo la nyuso kuangalia upande usio wake. Kila pembetatu ya umbo ina upande wa mbele na wa nyuma, na magemu mengi hayachori upande wa nyuma ili kuokoa kazi. Kwenye Blender washa onyesho la mwelekeo wa nyuso: zenye rangi nyekundu ndizo zinazoangalia ndani. Utaikuta nyuma ya kofia yako ni nyekundu tupu. Chagua nyuso zote ukiwa kwenye hali ya kuhariri, bonyeza Shift na N, zitageuka kuangalia nje. Kazi ya sekunde tano, kaka. Wiki zako tatu ziko salama kabisa.

#12 – Mzee wa Ramani

Neno fupi kuhusu ruhusa, kabla wanaoanza hawajaingia mtegoni. Kufungua kazi ya mwenzako ujifunze imetengenezwaje ni jambo jema, wote tumejifunza hivyo. Kuchukua kipande chake ukakipakia kama chako ni jambo jingine. Muulize. Wengi hukubali wakiombwa kistaarabu, na ukikataliwa, heshimu. Soma pia masharti ya gemu lenyewe kabla ya kufikiria kuuza chochote, kila kampuni ina kanuni zake.

#13 – Bado Najifunza

Wakuu narudi. Ilikuwa JPG kweli! Nimetoa PNG halisi na mlima wangu umekuwa wa jiwe la kijani lenye nyufa, nimechora mwenyewe. Nimekaa naangalia tu, sichezi hata.

Ila nikisimama mbali naona mistari, kama gridi ya dirisha juu ya mlima mzima. Karibu siioni, mbali inaonekana. Nimekosea wapi?

#14 – Mwanzisha uzi

Hongera sana! Nimefurahi kuliko unavyojua.

Mistari hiyo inatokana na kingo. Picha yako inajirudia mamia ya mara, ukingo wa kulia wa moja unagusana na ukingo wa kushoto wa nyingine, na kama haziendani jicho linaona mshono. Nadhani ulichora ukingo mweusi kuzunguka picha, wengi hufanya hivyo ili "ionekane tofali". Uondoe.

Kisha fungua picha kwenye GIMP, nenda kwenye menyu ya tabaka, sehemu ya kugeuza umbo, utakuta chaguo la kusogeza picha kwa kuizungusha. Isogeze pikseli 8 kulia na 8 chini. Zile kingo zilizokuwa nje sasa zimekuja katikati zikatengeneza msalaba, na mshono wote uko mbele ya macho yako. Chora juu yake taratibu, unganisha nyufa zinazokatika, sawazisha rangi, mpaka usiuone msalaba tena. Usiguse kingo mpya za nje, hizo sasa zinaendana zenyewe. Safirisha PNG, rudi mlimani, simama pale pale ulipoiona gridi, kisha F3 na T.